Kirusi Kilichotoka Newala: Somo la Kwanza la Virolojia

Anayeanza kujifunza virolojia, yaani elimu ya virusi, kwa kawaida hupelekwa kwanza Urusi ya mwaka 1892. Huko Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio kinachozuia bakteria, akakuta kwamba majimaji yaliyopita bado yanaambukiza mimea mizima. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia kazi hiyo na kushikilia kwamba kilichopita si bakteria mdogo, bali ni kitu cha namna nyingine, kinachoongezeka ndani ya seli hai tu. Historia hiyo inafaa kujulikana, lakini mimi hupenda kuanzia kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, kwa sababu kirusi kilichogunduliwa huko kinatosha kueleza sehemu kubwa ya misingi ya somo hili.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 watu wa Newala walishikwa na homa ya ghafla iliyoambatana na maumivu makali ya viungo, kiasi kwamba wengine walishindwa kusimama wima. Ugonjwa huo ndio tunaouita chikungunya. Damu ya wagonjwa ilichunguzwa katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, ambako R. W. Ross alikipata kirusi chenyewe kwa kuidunga damu hiyo kwenye ubongo wa vitoto vya panya. Ilibidi watumiwe wanyama hai kwa sababu bakteria wengi huota katika sahani ya maabara wakipewa chakula tu, lakini kirusi, hata kikipewa chakula gani, hakikui wala hakizaliani nje ya seli.

Kirusi cha chikungunya kina kipenyo cha nanomita 70 hivi (nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kwa hiyo ukivipanga mstari mmoja vitahitajika zaidi ya 14,000 kufikia milimita moja. Katikati yake kuna uzi wa RNA wenye herufi za kijenetiki zipatazo 12,000, ambao umezungukwa na gamba la protini na kisha utando wa mafuta unaotokana na seli kilimozaliwa, wenye protini za kirusi zilizochomoza juu yake. Zaidi ya hapo hakina kitu: hakili, hakipumui, na hakina ribosomu za kutengenezea protini. Ni kama fundi mwenye mchoro mkononi lakini asiye na karakana wala vifaa.

Karakana anaipata mwilini mwetu. Mbu anapouma, kirusi hujishika kwenye protini zilizo juu ya seli, seli yenyewe hukimeza, kisha utando wake huungana na utando wa kifuko kilichokimeza na RNA humwagika ndani. Ribosomu zetu, ambazo haziwezi kutofautisha amri hiyo na za mwili, huanza kuisoma na kutengeneza protini za kirusi, na mojawapo ya protini hizo hunakili RNA tena na tena. Virusi vipya huchomoza kwenye ukingo wa seli na kwenda kutafuta seli nyingine.

Msomaji akiielewa hatua hiyo ameelewa pia kwa nini antibiotiki haitibu virusi, jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue kabla ya kwenda duka la dawa. Antibiotiki nyingi huvunja ukuta wa bakteria au huziba ribosomu zao. Kirusi hakina ukuta, na ribosomu kinazotumia ni zetu. Mgonjwa wa chikungunya hupewa mapumziko, maji ya kutosha na parasetamoli, huku mwili ukitengeneza kingamwili, na aspirini huepukwa mpaka ithibitike kwamba si dengi, homa nyingine ya mbu ambayo huweza kusababisha kutokwa damu.

Kilichobaki ni mabadiliko. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu baada ya ukame, wakati ambapo watu huweka maji majumbani na mbu aina ya Aedes aegypti, anayeuma mchana, hupata pa kutagia. Makadirio ya watafiti yalionyesha kwamba takribani robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kirusi kilishuka Mombasa, kikafika Komoro, na mwaka 2005 kikaingia kisiwa cha Réunion, ambako mbu aliyetapakaa ni wa aina nyingine, Aedes albopictus. Kwa kuwa protini inayonakili RNA haina uwezo wa kusahihisha makosa yake, nakala zenye kasoro huzaliwa kila siku na nyingi hazina maana yoyote. Huko Réunion, hata hivyo, herufi moja tu ya RNA ilibadilika, na kwa hiyo asidi amino (tofali la kujengea protini) iitwayo alanini katika nafasi ya 226 ya protini mojawapo ya juu ya kirusi ikawa nyingine, valini, na badiliko hilo likakiwezesha kuongezeka vizuri zaidi ndani ya Aedes albopictus. Takribani theluthi moja ya wakazi wa kisiwa hicho waliugua. Aedes albopictus anastahimili baridi, na anaishi pia kusini mwa Ulaya; mwaka 2007 kirusi chenye badiliko hilohilo, kilicholetwa na msafiri kutoka India, kilisambazwa na mbu wa vijiji vya kaskazini mwa Italia na kuwafanya watu wapatao 200 waugue.