Nilivyonunua Volvo kuukuu Göteborg na kumfunga mwanangu akitazama nyuma

Kazi yangu hapa Göteborg, Sweden, ni kuhudumia wazee majumbani kwao, na kwa miaka kadhaa nilizunguka kwa basi na tramu bila kinyongo. Kilichonibadilisha ni mimba ya mke wangu. Zamu ya alfajiri mwezi Januari, theluji imelala barabarani, na nyumbani kuna mtoto anakuja: hapo mtu hahesabu nauli tena, anatafuta gari. Mfukoni nilikuwa na chini ya krona 30,000. Kwa bei za huku, hela hiyo inakupatia gari lenye umri wa kwenda sekondari.

Kila niliyemuuliza, Mswidi au mgeni mwenzangu, alinitajia V70. Ni ile Volvo ndefu, buti lake linameza kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu cha mzee, na bado pakabaki pa kuweka magunia ya soko. Kwa miaka mingi iliongoza kwa mauzo Sweden, kwa hiyo spea zake zimejaa kila kona, mpya na za magari yaliyokatwa. Nisiseme uongo, hilo la spea lilinivuta kuliko sifa zote za usalama.

Ukisoma matangazo ya magari Sweden, jua kwamba hawaandiki kilomita. Wanaandika mil, na mil yao moja ni kilomita 10. Gari lililoandikwa 19,000 limeshakwenda kilomita 190,000. Pia, historia ya gari haifichwi sana. Ukiingiza namba yake kwenye tovuti ya Transportstyrelsen, mamlaka yao ya uchukuzi, unaona lilikaguliwa lini na limepitia mikono mingapi. Nilitafuta lenye wamiliki wachache na risiti nyingi, nikalipata kwa mama mmoja mstaafu nje kidogo ya mji: la mwaka 2006, petroli, lita 2.4, silinda 5, bila turbo. Risiti zote alizitia kwenye bahasha moja kubwa, kwa mpangilio wa tarehe.

Nilikuwa naitafuta risiti moja tu, ya mkanda wa taimingi. Kwenye injini hizi, mkanda ule ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hapo hununui tena mkanda, unanunua injini. Risiti ilikuwepo, na ilionyesha kwamba tenshena, kile kinachoukaza mkanda, na pampu ya maji vilibadilishwa siku hiyohiyo. Anayebadilisha mkanda peke yake ili kuokoa senti, akaacha pampu ya zamani nyuma yake, simwelewi.

Kisha nikamwomba awashe injini. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, nikatoa mfukoni glavu ya kazini, zile za buluu tunazovaa tukiwaogesha wazee, nikaivalisha kwenye mdomo wa tundu na kusubiri. Injini hizi zina mirija ya kufyonza mvuke wa oili kutoka ndani na kuurudisha uunguzwe. Miaka ikipita, mirija huziba kwa uchafu, presha hupanda, na oili huanza kutafuta njia ya kutokea kwenye sili. Ikiwa imeziba, glavu hufura na vidole vikasimama wima. Ikiwa mizima, glavu hunywea. Yangu ilinywea, kidole gumba kikafyonzwa tunduni. Yule mama akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia mimi ni mhudumu wa wazee. Alicheka mpaka akakohoa. Tukapatana, tukajaza ile karatasi ya njano ya usajili, na bima nikaikata kabla sijatoa gari kwenye ua wake, maana huku bima huanza siku gari linapokuwa lako.

Mzee mmoja ninayemhudumia alifanya kazi Torslanda, kiwanda cha Volvo kilichofunguliwa na mfalme Gustaf VI Adolf mwaka 1964. Nilipomwambia nimenunua V70, siku hiyo hakutaka chai. Alitaka kuliona gari. Nikamshusha na kigari chake cha kutembelea mpaka maegeshoni, akalizunguka polepole, akafungua mlango na kukaa. Hakugusa usukani. Alivuta mkanda, akaufunga, akaufungua, akaufunga tena.

Kwa wazee wa mji huu, Volvo ni kama ukoo. Mzee alinisimulia asili yake: Assar Gabrielsson, mtu wa biashara, na Gustaf Larson, mhandisi, wote wawili waliwahi kufanya kazi SKF, kampuni ya beringi ya papa hapa, na SKF ndiyo iliyowapa mtaji. Gari la kwanza, ÖV4, lilitoka kiwandani Hisingen tarehe 14 Aprili 1927. Lilikuwa gari la wazi, katika nchi ambayo baridi yake naijua. Na wenyewe husimulia kwa raha kwamba lilipotiwa gia asubuhi ile lilirudi nyuma badala ya kwenda mbele, kwa sababu difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ilifungwa kinyume.

Ila hadithi aliyotaka hasa kuniambia ni ya ule mkanda. Mwaka 1958 Volvo ilimchukua mhandisi Nils Bohlin kutoka Saab, ambako alikuwa akishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Mikanda mingi ya wakati ule ilikuwa ya tumboni tu, ajali ikitokea inakuumiza matumbo. Bohlin alitengeneza mkanda mmoja unaopita kifuani na kiunoni, ukishikwa mahali patatu, na lachi yake iko chini kando ya nyonga ili mtu aufunge kwa mkono mmoja. Mwaka 1959 ulianza kufungwa kwenye magari ya Volvo, na kampuni ikaiacha hataza wazi, yeyote autumie bila kulipa. Mwaka 1967 Bohlin alichapisha uchunguzi wa ajali 28,000: waliokuwa hawajajifunga walikufa hata kwenye mwendo mdogo, ila miongoni mwa waliojifunga hakufa hata mmoja katika ajali za chini ya maili 60 kwa saa, yaani takriban kilomita 97.

Mzee ana hasira moja ya kudumu. Ukimwambia Volvo ni salama kwa sababu ya bati lake zito, atakufukuza. Alinipigia boneti kwa kiganja akasema, "Hapa mbele pametengenezwa pakunjike. Pasipokunjika hapa, utakunjika wewe."

Mtoto alipozaliwa ndipo nilipokutana na sehemu ya usalama ambayo sikuitarajia. Huku mtoto hakai akitazama mbele. Anakaa akitazama nyuma ya gari, na si kile kichanga tu. Waswidi humwacha hivyo mpaka afike miaka 4 au apite. Asili yake ni daktari Bertil Aldman, aliyewatazama wanaanga wa Marekani wakirushwa angani wamelala chali ili mgongo wote upokee msukumo. Mwaka 1964 kiti chake cha majaribio kikafungwa ndani ya Volvo PV544, na mwaka 1972 Volvo ikatoa kiti chake cha kwanza cha kuuza.

Sababu yake inaeleweka ukimtazama mtoto akioga. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo yake bado haijakomaa mifupa. Gari likigonga kwa mbele, anayetazama mbele hushikwa kifua na mkanda huku kichwa kikitupwa kwa nguvu zote. Anayetazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa huzama kwa pamoja kwenye kiti.

Kukifunga ndiko kulikonitoa jasho. Kiti changu hakina zile ndoano za kubana moja kwa moja, kinafungwa kwa mkanda wa gari, na kina mguu wa chuma unaoshuka mpaka sakafuni. Unaanza na kamba mbili: kila moja unaizungusha kwenye reli ya siti ya mbele, chini kabisa, unapitisha ncha yake kwenye kitanzi chake na kuvuta. Hapo uso wako uko kwenye kapeti na miguu iko nje ya mlango. Halafu unapitisha mkanda nyuma ya kiti kufuata alama, unakaza, unashusha mguu mpaka uguse sakafu sawasawa, ndipo unazibana zile kamba mbili upande huu na huu kwa zamu. Kipimo changu ni kushika kiti kwa mikono miwili na kukitikisa kwa nguvu. Gari lote lilitikisika, kiti hakikucheza. Nilikifunga siti ya nyuma na si ya mbele, kwa sababu gari langu halina swichi ya kuzima mfuko wa hewa wa abiria, na mfuko ule ukifumuka mgongoni mwa kiti cha mtoto unaweza kumuua.

Jambo jingine ni makoti. Wakati wa baridi mtoto huvaa suti nene, na mkanda ukipita juu yake unaonekana umebana kumbe umebana pamba. Tunamvua, tunamfunga mpaka mkanda ulale kifuani, kisha tunamfunika blanketi juu. Analia kila siku, nasi tumezoea.

Mamangu alipokuja kututembelea kutoka Mombasa, alikitazama kile kiti akashika kiuno.

"Mbona mwampa kisogo mtoto? Amefanya nini?"

"Mama, hivi ndivyo salama."

"Salama ataona wapi twaenda?"

Mkanda wake mwenyewe aliufunga bila kuambiwa. Mama ni abiria wa matatu wa siku nyingi, anakumbuka sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, za mwaka 2004, zilipoletwa mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na jinsi mikanda ile ilivyokuwa ikichafua buibui kwa vumbi. Lakini hili la mtoto lilimkera. Nikamweka nyuma, kando ya mjukuu. Kumbe ukikaa siti ile mnatazamana uso kwa uso. Mpaka tunafika walikuwa wameshaimbiana na kulishana biskuti, na tangu hapo siti ya mbele ikawa haimhusu tena. Kesi ikaisha hivyo, wala si kwa maelezo yangu ya shingo na mifupa.

Gari kongwe huku linakaguliwa kila baada ya miezi 14. Wanalipandisha breki kwenye rola, wanapima moshi, wanachungulia chini kwa tochi. Langu lilirudishwa kwa sababu ya stabilaiza linki za mbele, vifimbo viwili vinavyolegea kwa umri, ambavyo kwa kweli nilishaanza kuvisikia vikigonga kwenye matuta. Gereji ingenitoza fundi ghali kuliko spea. Nilichofanya ni kwenda kwenye karakana za kukodi kwa saa: unalipa, unapewa lifti na vyombo, unajitengenezea. Linki zenyewe ni nati mbili kila upande. Ya juu ilitoka kirahisi. Ya chini ilikuwa imeshikwa na kutu ya chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu, na kila nikiigeuza, boliti lote lilizunguka nayo. Dawa ni kupulizia mafuta ya kulegeza, kwenda kunywa kahawa, kisha kushika ncha ya boliti kwa ufunguo mmoja na kugeuza nati kwa mwingine. Kijana wa Kisomali aliyekuwa lifti ya pili aliniazima bomba la chuma la kurefushia mpini, nati ikalia na kuachia. Ukaguzi wa marudio likapita.

Sasa kuna shemeji yangu kule Mombasa. Anaona picha na anataka nimsafirishie gari nikilichoka. Kwanza ilibidi nimweleze kwamba malori ya Volvo anayoyaona barabara ya Nairobi si ya kampuni hii: upande wa magari madogo uliuzwa kwa Ford mwaka 1999, na Geely ya China ikaununua mwaka 2010, huku malori yakibaki na Waswidi. Pili, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na usukani sharti uwe kulia. Langu limekosa yote mawili.

"Basi nitumie hicho kiti," akasema. Mkewe ana mimba.

Hicho nitakituma mwanangu akikizidi, maana hakijawahi kupata ajali, na kiti kilichopata ajali hakirudiwi. Ila nimemwambia apime kwanza Probox yake: nafasi kati ya siti ya nyuma na ya mbele, kwa sababu kiti hiki kinakula miguu ya abiria, urefu wa mkanda wa nyuma, kama unafika kuzunguka, sakafu, kama ni ngumu pale mguu unapokanyaga, na reli za siti ya mbele, kama kamba zinapita. Nimemtaka anipigie picha kila kipimo. Mpaka sasa ameleta cha mkanda tu.