Kapi la baba mdogo

Juzi kitinda mimba wangu kaniuliza kwa nini kamba yetu ya nguo inapita kwenye kigurudumu, wakati ya jirani imefungwa tu kwenye mparachichi. Nikamwambia lile ni kapi. "Kapi, kama makapi ya mahindi?" Akacheka mwenyewe. "Si puli hiyo, baba?"

Kwa mafundi gereji wa hapa Pasua, ni puli. Kwa baba mdogo lilikuwa kapi, na ukisema puli haitiki.

Alilileta Moshi kwa basi kutoka Pangani, limeviringishwa kwenye gunia, mwaka niliomaliza darasa la saba. Ndilo lililopandisha foromali ya dau lake, ule mti unaoshika tanga, tanga na vyote, sasa limeganda. "Watu wa bara mnashusha injini za malori, hiki kitawashinda?" Fundi wa kwanza alilipiga nyundo tatu, shavu moja la kapi likapinda. Baba mdogo akalinyakua, hata kuaga hakuaga.

Usiku akalizamisha kwenye sufuria ya maji moto. (Mama alinuna, ilikuwa sufuria ya wali.) Asubuhi maji yamekuwa ya kijani kibichi. Nikachovya kidole, nikalamba, nikatema. Chumvi. Bahari nilikuwa sijaiona, na nimeilamba jikoni kwetu. Akamwaga, akatia mengine, mara tatu, na kila mara ananionjesha kama mchuzi.

Kisha akaliweka juu ya jiko la mkaa. Shaba ikipata moto hutanuka kuliko chuma, alisema, tundu la shaba litaiachia pini ya chuma inayobeba gurudumu. Akachuchumaa na koleo mkononi, kimya. Akaigonga pini kidogo tu na msumari. Tk. Ikatoka, imeliwa katikati, kiuno cha nyigu.

Mpya ilikerezwa mjini siku hiyohiyo. Fundi alikuwa na kipande cha shaba na kipande cha ekseli ya chuma, baba mdogo akaniambia nichague. Ekseli iling'aa. Nikachagua ekseli.

Chuma ndani ya shaba, kwenye maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa. Hayo niliyajua ukubwani. Yeye alikuwa anayajua siku ile, au sivyo? Hakusema kitu. Alilipa.

Kaskazi mbili hazikupita, akarudi nalo limeganda. "Likae hukuhuku," akasema, "maji yenu hayana chumvi."

Nililifungua kwa njia yake, sufuria na jiko. Linalia kidogo kila nguo zikivutwa. Mke wangu anataka nilitie grisi. Bado sijalitia.