Nilivuka Unguja Kutafuta Jengo Baya

Boti ya asubuhi kutoka Dar ilipoanza kuupita ufukwe wa Mji Mkongwe, abiria karibu wote walihamia upande wa kulia, simu juu. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta jengo baya. Kazini tulibishana wiki nzima: mwenzangu mmoja, aliyefika Unguja mara moja tu kwa harusi, alishikilia kwamba majumba ya Michenzani ndiyo mabaya kuliko yote na hakuna cha kujadili. Nikamwambia, ngoja nikawaulize wenyewe.

Mahali pa kuuliza ni penye kahawa. Pale Jaws Corner nilitoa salamu, wakanisogezea nafasi barazani, nikachukua kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, kisha nikalitupa swali langu.

"Bwawani," alijibu mzee mmoja aliyekuwa anacheza dhumna. Hata kichwa hakuinua.

Bwawani ni hoteli iliyojengwa na serikali kule Funguni miaka ya 1970, zege kwa zege.

"Na harusi yako uliifanyia wapi?" akadakia mwenzake.

"Bwawani. Wakati huo lilikuwa na rangi."

Walicheka mpaka dhumna zikachanganyika. Baada ya hapo kila mtu akawa na lake. Kijana mmoja anayetembeza wageni alitaja haya mapya ya vioo. "Vioo, kwa jua hili! Halafu wanalia bili ya umeme." Alikuwa ameegemea ukuta wa mawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono wangu, na kweli mgongo wake haukuwa na jasho. Wangu ulikuwa nalo.

Mtu aliyenishangaza ni mzee wa tatu. "Mimi nasema Beit el Ajaib."

Hapo hapakuwa na kicheko. Jumba hilo, yaani Jumba la Maajabu, alilijenga Sultani Barghash mwaka 1883, na Desemba 25, 2020 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wawili. "Lilikuwa zuri kupita yote," alisema. "Siku ile nilisikia kishindo nikadhani meli imegonga bandari. Tangu hapo nikipita nazunguka njia nyingine." Akaweka kikombe chini, akanitazama. "Lakini Michenzani usituulize sisi. Vuka."

Kuvuka siku hizi ni kuvuka barabara tu. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya upande wa pili. Maji yalifukiwa, daraja likaondoka, majina yakabaki: Darajani, na Ng'ambo. Nilipita sokoni, nikapenya kwenye kelele za wauza mitumba, nikatokea kwenye kipilefti cha Michenzani.

Niseme ukweli, mwenzangu hakukosea sana. Majumba yale yananyooka kwenye njia panda kama mabehewa yasiyo na mwisho. Moja lina urefu wa karibu mita 300. Saruji imeingia weusi wa mvua, madishi yamechomoza kila mahali, khanga na mashuka yananing'inia ghorofa zote. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Ujerumani Mashariki ilisaidia kuupanga mji mpya, na Mzee Karume akataka Ng'ambo yote ya nyumba za udongo igeuke maghorofa. Aliuawa Aprili 7, 1972, kazi haijaisha, na yaliyojengwa yakawa sehemu tu ya yale aliyokusudia. Wenyeji bado huyaita majumba ya maendeleo. Kwa mgeni jina hilo lina kejeli. Kwao ni jina tu.

Shangazi wa rafiki yangu anakaa ghorofa ya tano. Lifti hakuna. Kwenye ngazi nilipishana na watoto wawili waliobeba madumu ya maji, wananisalimia bila kuhema, mimi natafuta ukuta wa kushikilia.

"Pole, mwanangu," shangazi alisema mlangoni. "Watu wa Bara mnapenda maghorofa, kuyapanda hamuwezi."

Ndani palikuwa safi, sakafu inang'aa, na upepo wa baharini unapita chumba mpaka chumba. Alikuwa msichana wakati nyumba yao ilipobomolewa. "Ya udongo, makuti juu. Masika tunalala tumekaa. Tukapewa hii, bila senti tano." Nikadhani sasa atalitetea jumba lake. Hakulitetea.

"Tatizo lake si sura," alisema. "Alipofariki mume wangu, jeneza halikukata kona ya ngazi. Walilisimamisha wima. Nilikuwa hapa mlangoni, nimeona." Akanionyesha kwa viganja viwili jinsi lilivyosimama. "Waliochora ramani hawakufikiri kwamba humu watu watakufa."

Nilikaa kimya. Alikwenda dirishani, nami nikaona niulize lile swali la safari, jengo lipi baya. Akaninyooshea kidole mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, ule uliosimama katikati ya Michenzani.

"Lile. Kila asubuhi nikifungua dirisha lipo. Refu, na hakuna anayelala humo hata mmoja."

Mjukuu wake, aliyekuwa kwenye simu muda wote, alisema kwake yeye yote sawa, akipata kiwanja Fuoni atajenga nyumba ya chini na kumhamisha bibi. Shangazi akasema ahame yeye, upepo huu Fuoni hakuna.

Chini mtu alipiga filimbi. Shangazi akachukua kikapu kilichofungwa kamba ndefu, akatia noti ndani, akakiteremsha taratibu hadi kwa muuza mkate mwenye baiskeli. Kikapu kikapanda na boflo nne, bado zina moto, na chenji.

"Na wewe Dar unakaa wapi?"

"Kariakoo, shangazi. Ghorofa ya tatu."

Mkono uliokuwa unakata mkate ukasimama. "Kule kulikoanguka ghorofa, 2024?"

"Mtaa wa pili."

Alinitazama kitambo, kisha akanisogezea kipande kikubwa na kikombe cha chai.

"Basi kula, mwanangu. Kula kwanza."