Kurudisha uzito baada ya kongosho kuoza: nilivyotumia vimeng'enya

Kilichonirudishia uzito si kula sana. Ni kumeza vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja chakula tumboni, kwa wakati wake. Sehemu ya kongosho ikishakufa, kinachobaki huenda kisitoe vimeng'enya vya kutosha kuvunja mafuta, na mtu anakula vizuri huku anakonda. Ukweli hujionyesha chooni: kinyesi kingi chenye rangi iliyofifia, kinachonuka vibaya, kinachoelea na kuacha utando wa mafuta juu ya maji. Kwa dalili hizo niliomba kipimo cha elastasi ya kinyesi, kimeng'enya cha kongosho kinachoonekana kinyesini. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu huashiria upungufu. Usipeleke sampuli ya kuhara, kwa maana maji hupunguza kiwango na jibu linapotosha.

Nilianza na yuniti 50,000 za lipasi, kimeng'enya kinachovunja mafuta, kwa mlo kamili na 25,000 kwa kitafunio chenye mafuta. Kapsuli ya kwanza naimeza na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Ukizimeza zote ukishamaliza kula, chakula kinakuwa kimetangulia. Nateremshia kwa maji baridi, kwani chai ya moto huharibu vimeng'enya. Sitafuni, maana chembe zake huunguza mdomo. Dalili zilipoendelea, daktari aliongeza kipimo, kisha dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa sababu asidi nyingi huzuia vimeng'enya kufanya kazi. Kosa linalonisikitisha kuliko yote ni mgonjwa kuacha mafuta kabisa badala ya kurekebisha dozi. Huko ni kujinyima nguvu anayoihitaji.

Kabla ya hapo kulikuwa na mrija ubavuni wa kutolea usaha. Madaktari husubiri takriban wiki nne, ikiwezekana, ukuta ujitengeneze kuzunguka tishu zilizokufa, kisha huanza kwa kukamua usaha kabla ya kufikiria kisu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa asilimia 35 ya waliotibiwa kwa hatua hizo walihitaji mrija tu, na baadaye kisukari na ngiri ya kovu vilikuwa vichache kuliko kwa waliopasuliwa moja kwa moja. Mrija niliusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali, ml 10 taratibu, kama nilivyoelekezwa. Yakigoma kuingia, usilazimishe. Mrija ukiacha kutoa ghafla na homa ikapanda, umeziba, hujapona. Damu mbichi ikionekana ndani yake, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Sukari napima hata nikijisikia mzima, maana kisukari kinaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Cha aina hii kina hatari yake: kongosho hupoteza pia glukagoni, homoni inayoinua sukari, kwa hiyo anayetumia insulini sukari yake inaweza kushuka haraka. Gramu 15 za glukosi hazitoki mfukoni. Halafu vimeng'enya vikianza kufanya kazi, chakula kinanyonywa na sukari inapanda, hivyo dozi ya insulini hupangwa upya.

Pombe na sigara, hapana, hata kidogo. Chanzo kikiwa mawe ya nyongo, kifuko cha nyongo hutolewa uvimbe ukishatulia. Vitamini A, D, E na K hupotea pamoja na mafuta, kwa hiyo damu yangu hupimwa kila mwaka, na mifupa kila baada ya miaka miwili.