Makopo, risasi mbili na toroli: hesabu ya njaa ndani ya The Road

Filamu nyingi za mwisho wa dunia hutumia nusu saa ya mwanzo kueleza dunia imeishaje. The Road, aliyoiongoza John Hillcoat mwaka 2009 kutokana na riwaya ya Cormac McCarthy ya 2006, haijisumbui na hilo. Kuna mwanga, kuna moto, saa zinasimama, basi. Baba (Viggo Mortensen) na mwanawe (Kodi Smit-McPhee) hawapewi hata majina. Tunachopewa ni idadi ya vitu: bastola moja, risasi mbili, toroli la supamaketi, turubai, makopo. Ukiitazama bila kuhesabu utaona huzuni tupu. Ukihesabu utaogopa. Kama hujaiona, nitataja mambo kadhaa yanayotokea ndani yake.

Tuanze na bafu. Usiku wa balaa, baba anakimbilia bafuni kujaza sinki la kuogea, na mkewe (Charlize Theron) haelewi mtu anawaza kuoga saa hiyo. Haogi. Umeme ukikatika pampu husimama, na maji yaliyobaki kwenye mabomba ya mji hupungua kadiri kila nyumba inavyofungua koki. Sinki la kawaida likijazwa karibu na ukingo hubeba kama lita 150. Kiwango cha dharura kinachotolewa Marekani ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, nusu ya kunywa na nusu ya kupikia na usafi. Watu wawili, lita 8: siku 18. Hapo ni kama kizibo hakivuji, na vizibo huvuja. Usiku mmoja tu unaweza kuamka ukakuta robo imekwenda, kwa hiyo tandika plastiki nene juu ya kizibo kabla ya kufungua maji, kisha funika sinki lote lisiingie vumbi.

Kitu ambacho filamu haikionyeshi, na kingewazidishia maji maradufu, ni tangi la maji ya moto. Nyumba nyingi za Marekani zina tangi la lita 150 hadi 190, na yale ni maji safi tayari. Zima umeme au gesi yake kwanza. Funga koki ya maji yanayoingia, maana bomba la mji likishachafuka litachafua na tangi. Acha yapoe, fungua bomba moja la maji ya moto ndani ya nyumba ili hewa iingie, ndipo ufungue koki ya chini. Usipoingiza hewa, yatatiririka kidogo na kukata, na utadhani tangi ni tupu.

Kwa maji ya njiani, yenye majivu, yachuje kwa kitambaa mara mbili ndipo uweke dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato: matone mawili kwa lita, subiri nusu saa. Yakibaki na ukungu, weka manne. Wengi hukosea kwa kuanza na klorini. Uchafu huimaliza nguvu kabla haijawafikia vijidudu.

Sasa chakula, na hapa ndipo filamu inapouma. Jua limefunikwa, mimea imekufa, wanyama wamefuata. Hakuna kuwinda wala kulima wala kuvua. Kilichobaki ni kile kilichofungwa kiwandani kabla ya balaa, na kila kopo linaloliwa halirudi. Mtoto amezaliwa baada ya mkasa, kwa hiyo makopo yenyewe yana umri wake au zaidi.

Chukua kopo la maharage la gramu 400. Lina kama kalori 350. Mtu mzima anayetembea kutwa kwenye baridi akisukuma mzigo anahitaji zipatazo 2,800. Mtoto wa miaka kumi, kama 1,900. Jumla 4,700, yaani makopo 13 na ushee kwa siku. Jaza toroli makopo mia moja, karibu kilo 48 ukihesabu na mabati yake, na umebeba chakula cha siku saba na kidogo. Mia moja! Ukikata mgao nusu, siku kumi na tano, na kila siku miili yao miwili inachoma akiba ya kama gramu 300 za mafuta kufidia. Ndiyo maana wale jamaa wa kwenye lori, wanaokutana nao njiani, wanakula watu. Filamu haisemi wamegeuka mashetani. Inaonyesha watu waliopiga hesabu hiyohiyo wakafika kwenye jibu jingine.

Halafu makopo hayalingani. Nyama, samaki na maharage, visivyo na uchachu, hudumu miaka mingi kopo likiwa zima. Nyanya, nanasi na matunda mengine yenye asidi hula bati kutoka ndani, na ubora wake huanza kushuka baada ya mwaka na nusu hivi. Bahati mbaya, matunda ndiyo yenye vitamini C, na mtu akiikosa kwa miezi miwili mitatu fizi huanza kuvuja damu na vidonda vya zamani hufunguka. Kopo linalokinga fizi ndilo linalotoboka kwanza. Lililovimba, linalovuja au linalorusha kimiminika ukilifungua, litupe bila kuonja. Bakteria wa Clostridium botulinum hawana haja ya kutoa harufu.

Na toroli lenyewe? Limetengenezwa kwa sakafu laini. Magurudumu ya mbele hugeuka kila upande, ya nyuma hayageuki. Ukilisukuma kwenye majivu yaliyolowa, ya mbele hulala kando na kuchimba. Likokote kinyumenyume, magurudumu yasiyogeuka yatangulie, vitu vizito viwe chini kabisa. Bado litakufia, lakini baadaye kidogo.

Tukio linalozusha ubishi zaidi ni lile la handaki lililojaa vyakula chini ya ua wa nyumba moja. Wanakula, wanaoga, mtoto ananyolewa, kisha wanaondoka. Watazamaji hupiga kelele: kaeni! Kwa kalori wana haki. Chukulia kuna makopo elfu moja. Mkipumzika mnatumia kama 3,600 kwa siku badala ya 4,700, na hiyo ni zaidi ya miezi mitatu. Lakini mimi namuunga mkono baba. Handaki lina mlango mmoja. Jiko linahitaji tundu la moshi, na moshi husafiri. Kinyesi lazima kitolewe nje, na kila anayetoka huacha nyayo kwenye majivu. Watu watatu wakisimama juu ya kifuniko, shibe yote ile imekuwa mtego. Kosa lake ni namna ya kuondoka. Angefukia sehemu ya makopo mahali pawili au patatu njiani, asingebeba kila kitu kwenye toroli moja linaloweza kuibwa. Na linaibwa kweli, kule ufukweni.

Risasi nazo ni hesabu. Zikiwa mbili, kila mmoja ana yake, na baba amemfundisha mtoto jinsi ya kuitumia juu ya nafsi yake. Mtu wa lori anapomkamata mtoto kwa kisu, baba anafyatua moja. Amemwokoa, na papo hapo amebaki na risasi ya mtu mmoja. Kuanzia hapo, kila mara anapoitoa bastola, anayeelekezewa haoni alichopoteza baba, ila sisi tunajua. Hakuna mazungumzo yoyote kwenye filamu yanayobeba uzito huo.

Pale baba anapoogelea kwenda kwenye meli iliyokwama, siwaamini waliotengeneza filamu. Maji baridi hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa ya baridi ileile. Karibu na kuganda, dakika ya kwanza unapambana na pumzi. Baada ya kama dakika kumi mikono haishiki kamba. Mtu aliyekonda hivyo, anayekohoa damu, hafiki huko akarudi na mzigo. Angalau moto ungekuwa umeshawashwa ufukweni, na nguo kavu zinamsubiri.

Kuhusu sura ya filamu: sehemu kubwa ilipigwa Pennsylvania, pamoja na kipande cha barabara kuu ya Pennsylvania Turnpike kilichoachwa tangu 1968, chenye mahandaki ya kupita magari, na pia Louisiana na eneo la mlima St. Helens uliolipuka 1980. Mpiga picha Javier Aguirresarobe alishikilia mwanga bapa wa mawingu karibu kote, hivyo moto ukiwashwa tu ndipo unaona rangi yenye joto.

Ukitaka kujaribu sura hiyo kwenye filamu fupi yako, usikimbilie kufifisha rangi zote kwa mpigo. Ngozi itageuka ya maiti na mtazamaji atawachoka waigizaji ndani ya dakika tano. Punguza kijani na buluu peke yake, acha chungwa na nyekundu. Piga siku ya mawingu, pima mwanga usoni, na inamisha kamera anga lichukue nafasi ndogo, kwa sababu anga la kijivu huungua na kuwa karatasi nyeupe. Majivu ya karatasi yakipeperushwa kwa feni hukaa vizuri kwenye nguo, ila mpe mtu mmoja kazi ya kupiga picha mabega ya kila mwigizaji kabla ya kusitisha, la sivyo yatakuwa mengi, machache, mengi tena ndani ya mazungumzo yaleyale. Na ng'oa majani mabichi kwa mkono kabla ya kuwasha kamera. Jani moja pembeni litakugharimu saa nzima kwenye kompyuta.