Kabla ya Kuamini Makadirio ya Mauzo ya PS5, Piga Hesabu Hii

Kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, Sony na Nintendo hutangaza makadirio yao, yaani lengo la mashine za gemu watakazouza kwa mwaka, na swali linarudi kwa wenye vibanda vya gemu kuanzia Kondele hadi Nyalenda, hapa Kisumu: ninunue PS5 sasa au ningoje? Makadirio yanaweza kumsaidia mwenye kibanda, mradi ajue yanahesabu nini.

Mwaka wa fedha wa kampuni hizi mbili huanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Nusu ya kwanza huwa baridi, kisha Oktoba hadi Desemba hubeba mzigo mkubwa kwa sababu ya Krismasi ya Marekani na Ulaya. Kwa hivyo ukitaka kujua kama lengo litafikiwa, usigawe kwa robo nne za mwaka. Ngoja hesabu ya Septemba, toa kilichouzwa kwenye lengo, halafu linganisha kilichobaki na miezi sita kama hiyo ya mwaka uliotangulia.

Chukua PS5. Mwaka ulioisha Machi 2024 Sony ililenga mashine milioni 25. Kufikia Septemba 2023 zilikuwa zimetoka milioni 8.2 tu, zikabaki milioni 16.8. Oktoba 2022 hadi Machi 2023 zilitoka milioni 7.1, kisha 6.3, jumla 13.4. Kumbe Sony ilihitaji kupita kipindi hicho kwa zaidi ya robo! Februari 2024 ikashusha lengo hadi milioni 21, na mwaka ukafungwa kwa milioni 20.8. Mtu mwenye kalamu angeliona hilo miezi mitatu mapema, bila kumlipa mchambuzi yeyote.

Nintendo ilianguka vibaya zaidi na mashine yake ya Wii U: lengo la milioni 9 kwa mwaka ulioisha Machi 2014 lilikatwa Januari hadi milioni 2.8, zikatoka 2.72.

Nimeandika “zilitoka” kwa makusudi. Hesabu hizi za kampuni ni za mashine zilizouziwa wasambazaji na maduka, si zilizofika sebuleni kwa mchezaji. Zikitoka 1,000 na 300 bado ziko rafuni, kampuni inasoma 1,000, na robo inayofuata maduka yataagiza kidogo. PS5 iliyopitia Dubai ikaishia Oginga Odinga Street ilihesabiwa zamani, na ile ya ex-UK, mtumba kutoka Uingereza, haihesabiwi tena. Wanaohesabu wanunuzi ni wengine: kampuni ya utafiti ya Circana kwa Marekani, kila mwezi, na jarida la Famitsu kwa Japani, kila wiki. Hakuna kati yao anayehesabu Kisumu au Nakuru. Kwa Xbox kuwa mwangalifu zaidi, maana Microsoft iliacha kutangaza idadi ya mashine mwaka 2015. Takwimu nyingi za jumla unazoziona tangu hapo ni makadirio ya watu wa nje.

Kosa linalogharimu mtaji ni kudhani mauzo yakipungua bei itashuka. Agosti 2025, karibu miaka mitano tangu PS5 itoke, Sony iliongeza dola 50 Marekani. Ile ya diski ikapanda kutoka 499 hadi 549. Anayengoja punguzo anaweza kungoja sana.

Kinachomfaa zaidi mwenye kibanda ni jumla ya mashine zilizoko duniani, kwa sababu ndiyo humfanya mtengenezaji aendelee kutoa gemu ya mpira kwa mashine kuukuu. FIFA 19 ya mwaka 2018 ilikuwa ya mwisho kwa PS3, miaka mitano baada ya PS4 kutoka. PS4 iliuza zaidi ya milioni 117, na EA Sports FC 26 ya Septemba 2025, mrithi wa FIFA, bado ilitoka kwake. Kama wateja wako wanalipia mechi za mpira, PS4 mbili zenye pedi nzima zitakuingizia zaidi ya PS5 moja, kwa sababu wanne watacheza kwa wakati mmoja. Siku toleo jipya la FC litakapotangazwa bila PS4, ziuze wiki hiyohiyo, kabla bei ya mitumba haijaporomoka.