Shangazi na Ukili

Shangazi alitoka hospitali mwaka 2009, homa ya ubongo imemwachia mengi na kumnyang'anya moja. Tanga alikokulia aliijua barabara kwa barabara. Hesabu alizofundisha shuleni miaka ishirini alikuwa nazo zote. Lakini chai aliyoimaliza sasa hivi, ukimuuliza, hajainywa.

Baba alimleta kwetu Wete asikae peke yake. Mama, ambaye hushinda barazani akisuka ukili, ule mkanda mrefu wa kushonea mikeka, alimpa miyaa kidogo, majani ya kusukia, ashughulishe mikono. Huko Tanga hakuwahi kusuka. Ukili wake wa kwanza ulipinda kama mkia wa kinyonga, mama akaufumua. Kesho yake shangazi aliitazama ile miyaa kwa mshangao. "Wifi, mimi kazi hii siijui. Sijaishika hata siku moja." Mama akamwonesha upya. Na kesho kutwa vile vile.

Iliniuma. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia anamtesa mgonjwa bure.

"Nenda kamtazame vidole," akanijibu. "Jana alikwama penye kukunja. Leo kapita."

Miaka baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, nilisoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953, akiwa na miaka 27, ili apone kifafa. Walimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, kiungo cha ndani ya ubongo kinachohifadhi matukio mapya, pande zote mbili, na tangu hapo tukio jipya halikumkaa. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu. Siku hadi siku mchoro ulinyooka, na kila siku kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Kumbe kumbukumbu ya matukio ina makao yake ubongoni, na ya stadi ina yake. Niliufunika uso kwa kile kitabu nikalia. Mama hakuyasoma hayo popote. Aliyaona kwenye vidole.

Wiki ya tatu nilimkuta shangazi barazani, ukili umeshuka mapajani hadi sakafuni, pima mbili na zaidi. Alichomeka mwaa mpya bila kuuangalia, akaukaza kwa kidole gumba, macho yako njiani kwa watoto wanaotoka madrasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama, mikono haijasimama. "Wifi, na mimi utanifundisha lini?"